Neno la Baba Nililolipeleka Tanga

Nilikwenda Tanga mara moja tu, enzi za Wajerumani, na hadi leo nikisikia mtu anausifu mji ule hasira hunipanda. Sikwenda kutembea mimi. Baba alikuwa amelala kwenye ngozi nyumbani kwetu Akheri, tumbo limemvimba, na alitaka kumbariki mwanawe wa kwanza kabla hajafa. Huyo mwana wa kwanza, kaka yangu, alikuwa kibarua wa bandarini Tanga, na tangu aondoke hatukuwahi kumwona tena. Nikatumwa mimi, wa pili, nikamwite.

Katika ukoo wetu, neno la mzazi anayeita haliambiwi mtu aliyesimama. Anayeitwa huketi nyumbani kwake, akampa mjumbe chakula, wakala pamoja, ndipo neno linafunguliwa. Akishalisikia hivyo hana pa kukimbilia. Akikataa kwenda, laana inamshika yeye na watoto wake. Likisemwa njiani ni maneno tu, halimfungi mtu. Kaka aliyajua haya kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyefundishwa kama mrithi.

Nilitembea kwa miguu kupitia Usa River mpaka Moshi, nikapanda treni. Cheche za moto zilinitoboa blanketi. Kadiri tulivyoteremka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, na tulipofika Tanga nilidhani nimeshikwa na homa. Nikamuuliza kibarua mmoja niliyesafiri naye, Mchaga aliyemfahamu kaka, kama na yeye anaumwa. Akacheka. Akasema hapa kila mtu yuko hivyo, utazoea. Sikuzoea. Jasho lilinitoka hata nikiwa nimekaa kivulini, nguo hazikukauka, na maji ya kisima yalikuwa na chumvichumvi, ukinywa unataka mengine. Na tena mlima haukuwepo. Kwetu ukipotea unautazama Meru, unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Pale kote ni sawa, na upande mmoja ni maji.

Yule Mchaga akanifikisha bandarini. Kaka alitoka amevaa kanzu na kofia, kanenepa, akanikumbatia mbele ya wenzake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Nyumbani hawajambo?"

"Nimetumwa," nikasema. "Twende kwako tukakae."

Nikaona uso wake unabadilika, halafu unarudi. "Tutakaa tu. Kwanza uuone mji. Utawaambia nini watu wa Akheri?"

Basi nikauona mji. Alinisimamisha chini ya mnara wa saa, juani, akaniambia ningoje ulie. Tukangoja. Blanketi begani, kichwa kinaniuma, watu wanapita wananitazama. Ukalia. Kaka akanigeukia kama vile yeye ndiye aliyeujenga.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa twende kwako."

"Hospitali ya Wazungu hujaiona."

Tukaenda hospitali ya Wazungu, jumba kubwa lenye vibaraza, linatazama bahari. Tukaenda boma. Tukaenda kuona gati na winchi zinavyonyanyua marobota ya katani, akanieleza kila mnyororo kazi yake. Ningekuwa na moyo mtulivu ningesema ni mambo makubwa, na kweli yalikuwa makubwa. Lakini kila nilipoyatazama nilimwona baba kwenye ngozi ile, anageuka ubavu kwa kuugulia, na huyu ananionyesha minyororo.

Jioni hatimaye tukafika chumbani kwake. Akanitandikia mkeka, akaketi mbele yangu, nikashusha pumzi. Kisha akaleta sinia. Wali, na juu yake samaki mzima, na macho yake.

Mtu wa Pwani hawezi kuelewa. Kwetu samaki na nyoka tuliwaweka fungu moja. Hata wali wenyewe ulikuwa umelowa mchuzi wake. Nikamwomba kaka anipe chakula kingine, chochote, hata ndizi moja. Akasema ndani hamna kitu kingine, akala taratibu, akalamba vidole. Nikalala na njaa, na neno limenikaa kooni.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Mchana majumba, jioni samaki. Siku iliyofuata samaki tena. Nilikuwa najinunulia mihogo ya kuchoma kwa akina mama wa barabarani, lakini hicho si chakula cha nyumba yake, hakihesabiki. Ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mtu mwenye kanzu safi namna ile hakosi ndizi moja ndani.

Jioni hiyo nikaamua. Sinia likawekwa. Nikafumba macho, nikamega kipande cha yule samaki pamoja na wali, nikakipeleka mdomoni. Nikatafuna. Harufu ilinipanda puani, machozi yakanitoka, lakini nikameza. Nikafumbua macho ili nimwambie kaka naye ale, tulifungue neno.

Alikuwa amesimama. Mkono wake haukuwa umegusa sinia.

"Nimeitwa bandarini," akasema, huku anatafuta kofia yake. "Kuna meli."

Hakuna aliyekuja kumwita. Alikuwa ananiogopa mimi, mdogo wake, na tonge langu la samaki. Nilitapika nje ya mlango nikiwa peke yangu, nikamlaani kwa Kimeru mpaka jirani akachungulia.

Asubuhi alinisindikiza stesheni, mpole kabisa, amenibebea mzigo. Nikamwomba aketi nami kwenye benchi. Akasema benchi ni la Wazungu. Nikamwomba tuketi chini. Akasema kanzu itachafuka. Treni ilipopiga honi nikashindwa kujizuia, nikampigia kelele mbele ya watu wote: "Baba anakufa! Anakuita akubariki! Umesikia?"

Akanitazama kwa huruma, naapa, kwa huruma. "Nimesimama, mdogo wangu," akasema. "Msalimie sana mama."

Nilifika Akheri miguu imevimba. Baba alikuwa hai bado. Nikapiga magoti, na kabla sijasema lolote akaniuliza, "Aliketi?"

"Hakuketi, baba. Nilimwambia akiwa amesimama. Amesikia kila kitu, lakini hataki kuja."

"Kama hakuketi, sijamwita. Na kama sijamwita, hajakataa." Akapumzika kidogo. "Angekataa, ningekupa wewe."

Nilimwambia kuhusu mnara, kuhusu samaki, kuhusu kofia. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Nikamwambia mimi ndiye ninayekata majani ya ng'ombe wako, mimi ndiye ninayekugeuza ubavu, nipe mimi. Akanishika mkono, akasema anajua, anajua yote, lakini baraka ya mtu aliye hai na ambaye hajakataa hawezi kumpa mwingine.

Alikaa hivyo mpaka mvua za masika zilipokolea. Siku aliyokufa nilikuwa nimemwegemeza kifuani pangu, namnywesha maziwa kidogokidogo, naye akawa anatazama mlangoni.