Alamu ya Pikapu ya Aliko

Mzee Ambilikile alikuwa fundi wa umeme wa magari pale Kyela mjini. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, magari ya mtumba yalianza kuteremka kutoka Tukuyu, na wezi wakayafuata nyuma. Ndipo alamu zikaingia. Ambilikile hakusomea popote. Alikuwa akifungua boksi, analaza nyaya juu ya gunia, anagusa mmoja mmoja kwa taa yake ya kujaribia hadi kitu kilie.

Aliyoifunga kwa moyo kuliko zote ni ya pikapu ya mwanawe, Aliko, aliyekuwa akisomba mpunga kutoka Ipinda. Aliongeza na mota za milango, ili mtu akisahau, gari lijifunge lenyewe. Akamweleza Aliko kila kitufe. Mkewe Aliko, Angetile, alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko akipepeta mchele, naye hakuelezwa. Angeelezwaje? Mliokulia huku mnajua, na wageni niwaambie: kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Huyu akitokea, huyu anajificha. Ni heshima, si ugomvi. Mzee alimtegemea mwanawe afikishe maneno, na Aliko akaona mwanamke asiyeendesha gari, alamu ya nini?

Basi Aliko akavuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, akamwachia mkewe ufunguo, dereva wa kukodi aje achukue gari na kumpeleka Ipyana kwao. Jua la Kyela mnalijua. Angetile, akimngoja dereva, akamkalisha kitini bintiye Rut, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akaweka ufunguo na rimoti pembeni yake, akafunga mlango, akaenda nyuma kupakia ndizi.

Akasikia loki za milango zikigonga zote kwa pamoja. Alipovuta kishikio, king'ora kikalia.

Watu wakajaa. Mmoja akasema, "Leo mwizi amekamatwa, na hana meno," wakacheka. Kisha wakautazama vizuri uso wa mtoto kwenye kioo, mwekundu, unatiririka jasho, na kicheko kikakatika.

Bibie, mwenye duka la vitenge pale gari liliposimama, alituma watu wamwite fundi. Ambilikile alifika akikimbia, kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukiona. Na Angetile, kumwona tu, akajitupia kanga kichwani akakimbilia nyuma ya duka. Miguu yake ndiyo iliyomkimbiza, nadhani, si yeye. Mtoto yuko ndani, mama amejificha.

Mzee aliingia uvunguni akakata waya wa king'ora. Hapo ndipo tukasikia kilio chenyewe, na kilikuwa kimeanza kuwa chembamba. Akaokota jiwe, akalishusha; ndani ni padogo, kioo chochote kikipasuka vipande vitamfikia mtoto, naye ameegemea kioo cha mlango mmoja, ameng'ang'ania kichwa cha loki, kile kifimbo cha kuvutwa juu mlango ufunguke. Juu ya kioo hicho palikuwa na upenyo wa kidole. Akakunja waya mgumu, akaupitisha. Mtoto akaudaka, ncha ikapita karibu na jicho. Mzee akauvuta haraka.

"Bibie," akasema, "mwambie aje dirisha la pili amwite mwanawe."

"Anakusikia, baba. Yuko hapa nyuma yangu."

"Wewe mwambie."

"Haya, mama Rut, umeambiwa uende."

Angetile akaja, amefunikwa mpaka kifuani, akagonga kioo, akaita. Rut akageuka, akatazama, akazidi kulia na kurudi kule kule kwenye waya.

"Mtoto haoni mama," Bibie akasema. "Anaona kanga."

Ambilikile alikuwa upande wa pili, kioo kwa kioo na mkwewe. Hakumgeukia Bibie safari hii.

"Mama Rut, funua uso."

Mama mmoja karibu yangu alijishika mdomo. Angetile alisimama kama amepigwa, kisha akaishusha kanga mabegani. Wakaonana, mzee na mke wa mwanawe, kupitia vioo viwili, mchana, mbele ya watu wote. Rut aliuona uso anaoujua, akaachia loki, akatambaa kwenda kwake.

Waya ukaingia, loki ikapanda, mlango ukafunguka.

Mzee alimtoa mjukuu wake, ameloa kama amevuliwa ziwani. Bibie akanyoosha mikono ampokee, ampelekee mama, ndivyo ilivyo desturi. Ambilikile akampita, akamkabidhi Angetile mwenyewe.

"Mpe maji kidogo kidogo," akamwambia. "Akitulia, uje nikuonyeshe rimoti."

"Ndaga, tata," Angetile akamshukuru baba mkwe wake kwa lugha ya kwetu, uso wazi.

Mzee Andongwisye, kaka yake fundi, akaguna. "Ambilikile, hili umelifanyaje mbele ya watu?"

"Wazee nitawajibu jioni. Sasa hivi namfundisha mtu gari."

Akafungua boksi la alamu chini ya dashibodi, akachomoa waya unaofanya milango ijifunge yenyewe, akamngoja mkwewe amalize kumnywesha mtoto.