Shati la Rafu ya Chini

Mama Vifungo hakusomea ualimu. Alishona sare za shule miaka ishirini na sita, mpaka macho yakagoma kuona tundu la sindano, ndipo akaombwa awafundishe vijana kila Jumamosi kutengeneza sura za watu kwa makorokoro. Na makorokoro kweli: vifuniko vya soda, zipu mbovu, nyaya za redio, maganda ya mayai. "Rangi peke yake haimtoshi mtu," aliwaambia. "Mtafutie kitu kinachofanana naye." Na chochote kilichomo kwenye kabati la darasa, ruhusa kukata.

Hapo ndipo alipojiponza. Maana rafu ya chini, ndani ya mfuko wa plastiki wenye mafundo mawili, alikuwa ameficha shati la mistari ya bluu la mwanawe wa pekee. Nyumbani asingethubutu: dada yake anayeishi naye ana ugonjwa wa kufua. Huyo mwanawe alikwenda ng'ambo kutafuta kazi. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki, wa pili mara mojamoja, kisha kimya. Sasa ni miaka sita tangu aondoke, na shati halijaguswa na maji. Mama akizidiwa na hamu, husubiri vijana waondoke, hufungua mafundo, huingiza pua, hufunga upesi harufu isije ikaisha.

Jumamosi hiyo alicheleweshwa na foleni ya daktari wa macho. Alipoingia akamkuta msichana mmoja mpole, wa benchi la nyuma, ameinamia ubao, gundi mpaka viwikoni. Alikuwa anamtengeneza baba yake: nyusi za brashi ya viatu, macho ya vifungo, na mashavu ya kitambaa cha mistari ya bluu. Kando ya mkasi ulibaki mkono mmoja tu wa shati.

Akavuta kiti, akakaa. Akainamia lile shavu, akanusa. Gundi tupu.

"Nani kakwambia uguse hili?"

"Wewe, mwalimu. Ulisema kila cha kabatini."

Alisema, ndiyo. Atamlaumu nani?

"Vitambaa vyote vile, ukaona hiki?"

"Vingine vinanuka sabuni. Hiki kinanuka mtu." Msichana akafuta vidole kwenye sketi. "Baba alikufa nikiwa na miaka minne. Sijui alikuwa ananukaje. Nikaona labda hivi."

Akauokota ule mkono wa shati, akauweka puani. Mwanawe bado alikuwemo, kwa mbali sana. Alimtaka pale pale, hata kama angekuja mikono mitupu, hata kama angekuja na maneno yake ya kiburi. Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

Kisha akatazama ubao. Baba wa watu hakuwa na bega la kushoto.

Akachukua mkasi, akakata ncha ya ule mkono, kipande chenye kifungo, akakitia kwenye mkoba wake. Kilichobaki akamsogezea msichana.

"Mwekee bega," akasema. "Gundi kidogo tu, mwanangu. Usikiloweshe chote."