Mtani Aliyeondoka na Baiskeli

Enzi zetu pale Mtoni, Mwingereza akiwa bado anatawala, msiba wa Mzaramo haukukamilika bila mtani wake Mnyamwezi. Sisi tulilia, yeye akatuchekesha. Alivaa kanzu ya marehemu, akaigiza kikohozi chake, kisha akabeba chochote alichokipenda. Mkikitaka, mlikikomboa kwa jogoo au mkungu wa ndizi. Kumkasirikia ilikuwa aibu. Vijana wa leo, mnaoweka nywila hata kwenye picha za harusi, mtasema tulikuwa wajinga. Nami niliyekua kwenye mchanga ule, nikavuka bahari na kurudi na stashahada ya uhandisi niliyoitafuta kwa jasho langu, nasema hatukuwa wajinga.

Babu alipofariki, alikuja mwanamume mrefu asiyefahamika, lakini utani aliujua. Alitembea kama Babu, mkono kiunoni.

"Nyie Wazaramo mnalia nini? Mzee kachoshwa na mchuzi wenu wa nazi tu."

Bibi alicheka machozi yakimtoka. Kisha yule bwana akashika baiskeli ya Baba, iliyopeleka nazi zetu Kariakoo kila alfajiri.

"Hii naondoka nayo. Mkiitaka, leteni jogoo."

"Chukua, mtani," Baba akamwambia. "Ila breki haishiki."

Tukamfunga jogoo mguu, tukangoja. Akawika alfajiri ile, akawika na nyingine. Wanyamwezi waliopakua meli bandarini walipokuja kutupa pole, tukawauliza. Mzee Kasanda, mtani wetu wa miaka yote, alitazama chini.

"Huyo si wetu."

Baba akarudia mzega, mti begani na nazi huku na huku, mpaka bega likavimba. Baba Mdogo akaapa kuwa mtani hatavuka tena kizingiti chetu.

Siku ya arobaini, pilau likinukia mtaa mzima, Mzee Kasanda akatokea. Baba Mdogo akamzibia mlango.

"Mpishe," Bibi akasema. "Mwizi kachukua baiskeli. Unataka kumpa na watani wetu?"

Kasanda aliingia, akakaa jamvini kwa adabu kama mkwe. Hakugusa kitu. Bibi akamtazama mikono ile iliyotulia mapajani.

"Mtani gani wewe? Mume wangu ataniuliza huko aliko." Akamwonyesha sufuria ya pilau, na wageni wameshanawa. "Beba."

"Baada ya yale, Bibi?"

"Baada ya yale."

Akaitia kichwani, akakata kona. Mashehe wakaanza kukohoa. Baba Mdogo alimtazama Bibi, Bibi akatazama njia. Matumbo yetu watoto ndiyo yaliyosema.

Halafu tukasikia nyimbo. Makuli wote wa bandarini walikuwa wanakuja, Kasanda mbele, sufuria bado imefunikwa, wakidai mkungu wa ndizi. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyekwenda kuukata.

Baiskeli hatukuiona tena. Leo naishi Goba, kwenye ghorofa niliyoijenga mwenyewe, ukuta wa ua wake umepandwa vipande vya chupa juu, na siuonei haya. Mjini sasa mtani akibeba kijiko, watu wanamtolea simu wamrekodi. Lakini wanangu nimeshawaagiza: siku yangu ikifika, geti liachwe wazi. Akitokea mtu msiyemjua akaniigiza ninavyojivuna, mcheke, mumwache abebe anachotaka.