Aiblins ya Bessie Telfer

Jambo la kwanza nililoliona kwa Bessie Telfer ni kwamba hakuwa mtu wa kuahidi. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, hutazama kilima, hufuta pua kwa glavu, kisha husema, "Aiblins." Ni "labda" ya kizamani, na hapa bondeni Ettrick wanaoitumia bado ni wachache.

Baridi iliyopita theluji ilifukia kondoo wake juu kilimani, pamoja na Greta, jike mzee aliyeongoza kundi. Kondoo wetu hawazungushiwi ua. Mwanakondoo hujifunza mipaka ya malisho kwa kumfuata mama yake. Greta angekufa, wale wadogo wangetawanyika ovyo, na Bessie angelazimika kukiacha kilima.

Tulipokuwa tukipanda kuwatafuta, nilimweleza nilichosoma chuoni: kwamba neno lake lilizaliwa na neno la kale la kuweza, likaongezewa kiishio, likamaanisha "kwa namna inayowezekana."

Alicheka. "Mwanangu, ulidhani nalisema kwa kuwa sijui? Nalisema kwa kuwa bado inaweza kuwa."

Tulichoma theluji kwa fito ndefu mpaka mikono ikafa ganzi. Gib, mdogo wa marehemu mumewe, akaegemea fito yake.

"Shemeji, Greta ameshakuwa jiwe. Twende tukanywe supu."

"Supu yako ingemuua hata akiwa mzima. Choma, Gib!"

"Kweli unadhani yuko hai?"

"Aiblins."

Mara mbwa wa Bessie, Mirk, akaanza kuparua kando ya ukuta wa mawe wa kukingia upepo. Hapo palikuwa na tundu dogo lenye kingo za manjano, lililoyeyushwa na pumzi ya kondoo. Tukachimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Wa kwanza kutoa kichwa alikuwa Greta, kinywa kimejaa manyoya ya jirani yake aliyokuwa akiyatafuna kwa njaa. Nyuma yake wengine walibanana, wanafuka mvuke.

Bessie aliketi palepale kwenye theluji, akashusha pumzi ndefu. Gib akageuka, akisingizia mafua.

Sasa nyasi zimechipua, na tumbo la mimba la Greta limeshuka. Gib hupita kila asubuhi kabla hata ya chai.

"Leo, shemeji?"

"Aiblins," Bessie humjibu. Lakini bandani ameshatandika majani makavu, na tangu jana hajavua buti.