Bi Chiku na Mpaka Ulioruka Vilima vya Mgodi

"Mwenyekiti, huo ni mpaka au panzi?"

Bi Chiku alikuwa amesimama, kidole kwenye ramani ya kanda za chama, na waliomwambia akae walikuwa wameshachoka kumwambia.

"Unaanza Rosettenville, sawa. Unaruka barabara kuu, unaruka vilima vya mchanga wa mgodi, unakuja kutua kwetu Jeppe. Unalibeba ghorofa moja tu, lile la watu wako wa Pangani, halafu unarudi nalo Rosettenville. Hilo ghorofa lina magurudumu?"

Ukumbi ukacheka. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la matairi huko Turffontein, Johannesburg, na Jumapili hiyo ya Julai 2018 watu walikaa na makoti yao, mikono kwapani kwa baridi. Khatibu, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, hakucheka. Alikuwa mtu wa Tanga kama Bi Chiku, mnene, mtaratibu, mwenye duka la simu, na alijua kusubiri kelele ziishe.

"Kanda zilipangwa kwa daftari, Bi Chiku."

"Daftari la lini?"

"La 2011."

"Mwaka huo hata wewe ulikuwa mwembamba."

Baraza la chama lilikuwa na viti saba. Rosettenville vinne, Turffontein viwili, Jeppestown, yaani Jeppe, kimoja, na hicho kimoja alikikalia Bi Chiku. Alikikalia vibaya, maana hajawahi kukaa kwenye kitu chochote kwa dakika kumi. Kwao Ngamiani alimaliza darasa la saba, shangazi yake akamweka kwenye cherehani, na tangu hapo miguu yake ilikuwa inakanyaga hata pasipo na pedali. Ilikanyaga kwenye basi alilokuja nalo mwaka 2009, talaka mkononi, siku saba njiani. Ilikanyaga hata sasa, chini ya meza ya baraza.

Alichotaka si kikubwa. Jeneza la pili. Jeneza, sanda, ubao wa kuoshea maiti, turubai na masufuria ya chama vyote vilikaa stoo moja, uani kwa Khatibu. Jeppe waliomba stoo yao mara tatu, na mara tatu mikono ilinyooka sita kwa mmoja.

Mwezi Mei Mzee Salum alifariki Jeppe, siku ambayo barabara zilizibwa kwa matairi yanayowaka na hakuna gari lililothubutu kupita. Alilala chini ya blanketi tangu Ijumaa asubuhi mpaka Jumamosi jioni, katika chumba alichoishi na wenzake wanne, hao wanne wamekaa ngazini. Chumba cha chini yake anaishi Bi Saida, bibi wa Zanzibar mwenye miaka sabini na ushee na kifua kibovu, jirani wa Bi Chiku mlango kwa mlango. Alisikia yote. Tangu siku hiyo, Bi Chiku akimpelekea uji asubuhi, bibi hasemi asante. Anauliza:

"Mwanangu, jeneza limekuja?"

Basi kila asubuhi Bi Chiku alishuka ngazi na swali hilo mgongoni.

"Lisomwe hilo daftari," alisema sasa. "Anwani za Rosettenville."

Luqman, katibu, kijana mwenye sauti ya kuadhini, akafungua. Alisoma jina na anwani, jina na anwani, na anwani ikawa ni ileile, nyumba ya Khatibu, mpaka watu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ishirini na watatu!" Bi Chiku alipiga makofi. "Nyumba ya vyumba vitatu, watu ishirini na watatu! Mnalala kwa zamu, au mnatundikwa?"

Kila mtu alijua ilivyokuwa. Ukifika Johannesburg huna mkataba wa nyumba, na karatasi zote zinataka anwani. Khatibu alikuwa na mkataba. Aliwapa watu anwani yake kama mtu anavyompa mwenzake maji. Wakaandikwa kwake, wakaenda kulala Jeppe, kwenye karakana za zamani zilizokatwakatwa vyumba kwa mbao. Daftari likawahesabia huko wasikolala.

"Luqman," Khatibu alisema taratibu, "jina la kumi na moja halikusikika vizuri."

Luqman akakohoa. "Chiku binti Mbaruku."

Ukumbi mzima ukamgeukia Bi Chiku.

"Miaka tisa barua zako zinakuja kwangu," Khatibu alisema. "Sikukuomba kitu. Nilisema nishonee kanzu moja, tumelipana. Ukanipima palepale. Nikakuletea na kitambaa. Kanzu yangu iko wapi, Bi Chiku?"

Sasa ukumbi ulimcheka yeye, na wanawake ndio waliocheka zaidi, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja ambaye Bi Chiku hajamwambia "Ijumaa ijayo". Alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona amekaa bila kuambiwa.

Lakini hakukaa sana.

"Haya, nimeumbuka. Tuandike daftari jipya. Kila mtu aseme anapolala kweli, mtaa na chumba."

Hapo hapakucheka mtu. Wanaume wakaangalia viatu vyao.

"Orodha ya tunapolala?" sauti ikatoka nyuma. "Umesahau 2015, dada? Walivyokuwa wanapita mlango kwa mlango kutafuta wageni? Karatasi hiyo ikiokotwa?"

Mwaka huo Bi Chiku mwenyewe alijificha siku mbili chini ya marobota ya vitambaa.

Khatibu aliona mlango, akaingia. "Tunampa mwezi mmoja. Alete njia ya kuhesabu watu bila kuandika wanapolala. Na sharti langu moja. Anayetunga kanuni za mipaka asigombee kiti. Nisiambiwe kesho mpaka umerukia kwake."

"Sigombei!" Bi Chiku alijibu kabla hajafikiri. Alifikiri kwenye teksi ya kurudi, daladala ya huko, na hakupenda alichokifikiri.

Mwezi huo ulimla. Aliamka, akatembea mtaa wa Jules kutoka mwanzo mpaka kwenye robot ya tatu, taa za barabarani, akarudi. Alipeleka uji, akaulizwa swali, akashuka. Alihesabu milango kwa macho akaona aibu, kama mpelelezi. Alishona sketi za shule mbele nyuma. Marcellin, fundi wa Lubumbashi mwenye cherehani pembeni yake, Mkristo, mpole, alimvumilia wiki mbili.

"Mama Chiku, leo uko na nini? Ile shati umeitia mikono mbili ya kushoto."

"Mteja atajipinda."

"Eish. Kaa, mama."

"Nikikaa nafikiri. Wewe hesabu mashati yako."

"Mi sihesabu mashati." Marcellin alitikisa kopo lake la vifungo. "Mashati nimeshafunga kwa robota, sifungui tena. Nahesabu vifungo vilivyobakia. Shati moja, vifungo saba. Kopo inaniambia yote."

Miguu ya Bi Chiku ikasimama. Kwenye banda lile la mafundi watu waligeuka kutazama, maana cherehani ya Bi Chiku ikinyamaza ilikuwa kama umeme umekatika.

"Rudia," alisema.

Alinunua vifungo vya kaki vya matundu manne, vikubwa, vya aina moja, na akamwomba muuzaji ampe vyote alivyonavyo, ili asipatikane mwingine wa kuvinunua. Ijumaa, kwenye kukusanya ada, Luqman aligawa: kadi ya uanachama moja, kifungo kimoja. Hakuuliza mtu analala wapi. Jumapili makopo matatu ya maziwa ya unga yakawekwa, Jeppe, Rosettenville na Turffontein, saa ileile, tangu swala ya alfajiri mpaka saa moja. Kila mmoja atumbukize chake.

"Na nani atamzuia mtu wa Rosettenville kutumbukiza Jeppe?" Khatibu alikuwa ameuliza.

"Baridi," alisema Bi Chiku. "Na giza. Mtu atoke kwake alfajiri hii ya Agosti, teksi hakuna, apite katikati ya mji kwa miguu kwa ajili ya kifungo? Huyo mwacheni, ameshapata kiti chake peponi."

Khatibu karibu acheke, akajizuia.

Makopo yalimwagwa ukumbini mbele ya wote. Aliyeyamwaga na kuhesabu ni Marcellin, kwa sababu hakuwa mwanachama na hakuwa na wa kumpendelea. Jeppestown mia moja na kumi na wawili. Rosettenville sitini na mmoja. Turffontein thelathini na wanane. Jumla mia mbili kumi na mmoja, na vifungo vilivyogawiwa ni mia mbili kumi na viwili.

"Kimoja kimepotea," alisema Luqman.

Bi Chiku alikitafuta chini ya meza, kwenye mikunjo ya turubai, ndani ya makopo, mpaka watu wakamwambia dada wewe, kimoja tu. Kilimkera wiki nzima.

Marcellin alichora ramani mpya kwa chaki kwenye karatasi ya kaki ya kukatia mashati, na Bi Chiku akamsomea kanuni, akitembea huku na huku. Kila kiti kibebe watu thelathini hivi. Kanda iwe kipande kimoja, isiruke kitu. Mpaka ufuate barabara au reli, mahali unapoweza kumwonyesha mgeni kwa kidole. Jengo lisikatwe. Na kila baada ya miaka mitatu vifungo vigawiwe upya, watu wa mji huu wanahama kama kuku wa kuazima. Jeppe ikatoka viti vinne, Rosettenville viwili, Turffontein kimoja.

"Na ghorofa la Wapangani?" mtu akauliza.

"Limebaki lilipojengwa."

Baraza jipya lilikaa Septemba. Bi Chiku alikaa benchi la nyuma, na wapi, hakukaa, aliegemea ukuta. Hakuwa na kiti. Waliochaguliwa Jeppe walikuwa vijana wawili waoga, mama mmoja muuza samosa, na Mpangani mmoja wa lile ghorofa, ambaye hakuna aliyejua atakwenda upande gani. Suala la stoo likatajwa. Bi Chiku alijifunga mikono kwa khanga yake ili usinyanyuke mmoja kwa mazoea.

Kijana wa kwanza. Mama wa samosa. Kijana wa pili, baada ya kumwangalia mama wa samosa. Turffontein akasema yeye hapana. Rosettenville wawili, Khatibu na mwenzake, hapana. Tatu kwa tatu. Wote wakamgeukia Mpangani.

Alijikuna kidevu. "Mimi Mzee Salum nilikaa naye ngazini," alisema. "Nilikuwa mmoja wa wale wanne. Nimehamia lile ghorofa letu baadaye." Akanyoosha mkono.

Bi Chiku alitoka nje. Waliomfuata walimkuta anazunguka kwenye matairi ya dukani, anazunguka tu, anafuta uso kwa khanga aliyojifungia mikono.

Jeneza la pili lilifika Jeppe wiki mbili baadaye, kwenye gari la mkate. Bi Saida alishushwa ngazi kwa kushikiliwa huku na huku. Alilizunguka, akaligonga kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Si fupi hili?"

"Litakutosha, bibi."

"Basi sina haraka tena." Akataka arudishwe juu, na safari hii aliomba uji uongezwe sukari.

Kulibaki jambo moja, na lilikuwa chini kabisa ya sanduku la Bi Chiku, limekunjwa kwa gazeti la mwaka 2009. Alilitoa. Kitambaa kilikuwa kimepiga umanjano kwenye mikunjo, akakifua, akakianika, akakikata, akakishona, tarizi ya shingo akaifanya kwa mkono, siku nne bila kumwambia mtu Ijumaa ijayo. Siku ya tano akapanda teksi mbili mpaka Rosettenville.

Khatibu alikuwa dukani, katikati ya magamba ya simu. Alitazama kanzu, akamtazama yeye, akaingia nyuma kuivaa. Akatoka kichwa kimepita, mikono imepita, lakini tumboni kanzu imekataa katakata.

"Bi Chiku," alisema, akiwa amebanwa pumzi, "vipimo vya lini hivi?"

Bi Chiku alilikumbuka daftari lake la vipimo, ukurasa wa kwanza.

"Vya 2009," alisema.

Khatibu alicheka mpaka mshono wa ubavuni ukalia. "Na mimi nilikaa nikaambiwa daftari limechakaa! Mbele za watu!"

"Vua, bwana, usinichanie." Lakini naye alikuwa anacheka. Alichomoa futi shingoni, akampima upya, kifua, tumbo, tumbo tena kwa sababu hakuamini. Mke wa Khatibu akatoa cherehani. Mabaki ya kitambaa Bi Chiku alikuja nayo, akatia vipande viwili ubavuni, na adhuhuri haijaadhiniwa kanzu ilikuwa imekaa.

"Na anwani," alisema akiwa ameinamia pindo. "Nitaitoa. Natafuta nyingine."

"Iache. Barua zako hazilali, wala hazili."

Kanzu ilibaki wazi shingoni. Bi Chiku alipapasa mfuko wa aproni yake, akapata sindano, akapata uzi, hakupata kifungo.

Khatibu akaliendea koti lake lililotundikwa mlangoni, akatia mkono mfukoni, akaweka kitu mezani. Kifungo cha kaki, kikubwa, matundu manne.

Bi Chiku akakitazama. "Nimekitafuta wiki nzima."

"Siku ile sikujisikia kuhesabiwa," alisema Khatibu.

"Cha kaki kwenye kanzu nyeupe?"

"Kishone."

Alikishona kwa uzi mweupe, mara sita kila tundu, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha akavuta kigoda cha dukani, akakaa, na mke wa Khatibu alipoleta chai aliinywa yote mpaka ikaisha.