Mnyororo wa Gurudumu la Kulia

Huku Euless, kando ya Dallas, wanasema Abdulbasit amekuwa bahili. Ukimwomba ngazi, hapana. Ukimwomba akupeleke uwanja wa ndege, hapana, na mlango umeshafungwa. Hao wanaosema wamehamia juzi tu. Hawakumjua Abdulbasit yule wa zamani, na mimi nimechoka kuwasikia wakimteta, basi leo nasema.

Mtu huyu alikuwa hajui kukataa. Alizaliwa Mombasa, kwa mama ambaye chungu chake kilikuwa cha mtaa mzima, na tabia hiyo akavuka nayo bahari mpaka Houston, kisha huku Dallas. Neno hapana halikumtoka kinywani. Akibanwa sana alisema, "Nakuja sasa hivi," na kweli alikuja. Mkewe, Tasnim, alishazoea kuona nusu ya kila kitu ikitoka mlangoni: nusu ya mchele, nusu ya siku yake ya mapumziko.

"Iko siku utanigawa na mimi," alimwambia, naye Abdulbasit akacheka.

Majira ya baridi yale Tasnim alikuwa na mimba ya miezi tisa, ya kwanza kufika huko baada ya mbili kuharibika. Daktari alikuwa ameshawaonya: mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza msingoje kitu, njooni. Hapo ndipo redio ikaanza kutangaza mvua ya barafu. Houston walizoea mafuriko, na maji, jamani, unayaona yakija. Barafu ya huku huioni. Lami inaonekana imelowa tu, unakanyaga breki, na gari halikusikii tena.

Abdulbasit akaenda duka la matairi kule Haltom City. Muuzaji, mzee mmoja aitwaye Rogers, akamwekea mbele vitu vya aina tatu. Kulikuwa na soksi za kitambaa za kuvisha tairi, rahisi kufunga ila zinachanika upesi ukipita penye lami kavu. Kulikuwa na nyaya nyembamba, ambazo mwenyewe Rogers alizisifu kwa shingo upande. Na kulikuwa na minyororo ya chuma, mizito, yenye kelele, lakini inayong'ata barafu. Abdulbasit alizipapasa soksi, akalifikiria tumbo la mkewe, akachukua chuma. Ilikuwa jozi ya mwisho.

"Gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele," Rogers akamwambia. "Funga mbele, yote mawili. Usifunge mmoja peke yake hata siku moja. Gari litakugeuka."

Hata kwenye boksi palikuwa na picha ya gari lenye mnyororo mmoja, limepigwa alama nyekundu. Kwa hiyo asije mtu akasema hakuambiwa.

Alasiri mbingu ikashuka, kijivu mpaka juu ya mapaa, na matone yaliyogonga dirisha yakaanza kugandia hapo hapo. Mlango ukabishwa. Alikuwa Lévi, jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, mpakiaji mizigo uwanja wa ndege. Huyu Lévi ndiye aliyebeba godoro lao mgongoni siku waliyohamia, hata jina lao hajalijua. Gari lake lilikuwa Camry ile ile kama ya Abdulbasit, maana walikwenda kuzinunua pamoja.

"Kaka Abdul, tafadhali," akasema, kofia mkononi. "Kesho asubuhi niko na kazi. Nisipofika, boss anasema nisirudie tena. Nimesikia uko na minyororo."

Abdulbasit akamtazama Tasnim. Tasnim akamtazama Lévi. Akajishika kiuno, akasema taratibu, "Mpe yote miwili, mume wangu, au usimpe. Wallahi, moja kati ya hayo."

Hebu fikiri wewe ungefanyaje. Kumpa yote ni kumwacha mkeo mikono mitupu. Kumnyima ni kumnyima aliyekubebea godoro. Abdulbasit akafanya alichokifanya maisha yake yote: akagawa. Yeye akabaki na wa kushoto, akaufunga kwenye gari lake. Ule wa kulia akateremka nao mwenyewe, akapiga magoti kwenye barafu, akaufunga kwenye gari la Lévi kwa mikono yake. Mmoja unatosha, akajiambia, ukienda polepole. Lévi akamshukuru mpaka Abdulbasit akaona haya.

Uchungu ulimshika Tasnim baada ya sala ya alfajiri. Wakapiga simu ya dharura, wakaambiwa magari yote ya wagonjwa yako barabarani, wangoje. Kungoja! Abdulbasit akamshusha ngazi hatua kwa hatua, akamlaza kiti cha nyuma, wakaondoka.

Hawajafika mbali akalihisi. Kila alipogusa breki, gari lilivutwa kushoto, nyuma ikataka kupita mbele. Mnyororo ulikuwa kama mkono mmoja, ukilikamata gari upande mmoja na kuliachia upande wa pili. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Si kwa ajili yake. Yeye anakwenda mwendo wa kobe. Lévi anakimbilia kazini, naye ana daraja la kupanda.

"Mpigie Lévi," akamwambia Tasnim.

Tasnim, meno yameumana, akapiga. Simu ikaita, haikupokewa. Akapiga tena. Walipopanda daraja la juu ya barabara kuu, hakuna gari jingine lililokuwa barabarani, na Camry ya Lévi ilikuwa imekaa mkingamo, pua imepondeka kwenye ukuta wa zege. Abdulbasit alipofungua mlango wake aliisikia simu ikiita ndani ya gari lile.

Lévi alikuwa hai. Dashibodi ilikuwa imemkalia miguu. Abdulbasit akavuta, akavuta tena, Lévi akapiga yowe. Abdulbasit akapiga simu ya dharura, wakamwambia wako njiani. Kutoka nyuma Tasnim akaita jina lake kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Chukua mnyororo," Lévi akasema. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. "Mama asiteseke. Lakini kaka, usiniache hapa."

Abdulbasit akapiga magoti mara ya pili mbele ya gurudumu lile. Vidole havikuwa na hisia, ndoana ikagoma, akaing'oa kwa meno. Akaufunga kwenye gari lake upande wa kulia. Kisha akavua koti akamfunika Lévi mpaka shingoni, na kwa kuwa hakujua kukataa, akamwambia, "Nakuja sasa hivi."

Na minyororo miwili gari lilikwenda sawasawa kabisa. Hilo ndilo lililomtesa njia nzima.

Mtoto wa kike alitolewa kwa upasuaji, mzima, na Tasnim akapona. Abdulbasit hakungoja kumbeba. Alirudi mbio darajani, akakuta askari wamefunga njia, na lori limelala juu ya pale ilipokuwa Camry. Lilikuja likiteleza, wakamwambia, dereva hakuwa na la kufanya. Askari akamwuliza kama anamfahamu mwenye gari.

Tangu siku hiyo amejifunza neno hapana. Tasnim hajawahi kumwambia "nilikwambia". Clothilde, mjane wa Lévi, alimrudishia koti lake limefuliwa na kupigwa pasi, akamshukuru kwa kumfunika mume wake.

Mwaka huu redio imetangaza tena. Watu wamebisha, wamekataliwa, wamekwenda kumsema. Jana jioni akabisha Clothilde, ambaye sasa ndiye anayekwenda kazini uwanja wa ndege.

"Shemeji," akasema, "najua unayo ile minyororo. Sitaki kukuachia shida. Nipe mmoja tu, wewe ubaki na mmoja, kama ulivyofanyia Lévi."

Hajui. Miaka yote hiyo, hakuna aliyemwambia.

Abdulbasit akaingia ndani akaichukua. Kisha akateremka na jozi nzima, akapiga magoti mbele ya gari la Clothilde, akafunga wa kushoto, akafunga wa kulia. Ndoana zikamponyoka mara nyingi.

"Pole na baridi, shemeji," Clothilde akamwambia, akamshikia taa.