Mkunga aliyewatolea ushahidi watu 63 akakosa wa kumshuhudia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika wodi ya wazazi ya kituo cha afya, mwanamke mfupi aliyevaa gauni la kijani la kazi anamwaga maji ya dawa sakafuni na kuanza kupiga deki, kutoka dirishani kuelekea mlangoni. Vitanda ni sita. Vinne vina watu.

Mama mmoja aliyejifungua jana anamuuliza kama ni kawaida mtoto kupiga chafya namna ile. Mwanamke anaegemeza fimbo ya deki ukutani, ananawa mikono, anainama kumtazama mtoto.

"Kawaida. Anasafisha pua yake mwenyewe, hajapata wa kumwajiri," anasema, kisha anarudi kwenye deki.

Hapa kituoni wanamwita Mama Mapokezi. Kabla kituo hakijajengwa alikuwa mkunga wa mtaa, akipokea watoto majumbani kwa miaka ishirini na sita. Kituo kilipofunguliwa aliajiriwa kuwa mhudumu wa wodi, kibarua anayelipwa mkononi kila mwisho wa mwezi. Mpaka leo mgonjwa mgeni akiuliza mapokezi yako wapi, hakosi mtu wa kumwelekeza wodini.

Ukunga aliuacha, lakini wenyewe haukumwacha. Watoto wengi aliowapokea walikua bila vyeti vya kuzaliwa. Serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima lazima awe na kitambulisho cha taifa, wakaanza kumgongea mlango. Asiye na cheti alitakiwa kwenda na mtu aliyekuwepo siku aliyozaliwa, mtu huyo aape na kuweka dole gumba.

"Nilikuwa natoka kazini saa nane, navua gauni, tunakwenda ofisi ya usajili," anasema. "Naulizwa, 'Unamfahamu huyu?' Nasema namfahamu, siku anazaliwa mama yake aling'ang'ania mguu wa kitanda mpaka ukang'oka. Naweka dole. Basi."

Alifanya hivyo mara sitini na tatu. Anaijua idadi kwa sababu kila mara alipewa nakala ya kiapo, na nakala zote amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Wa sitini na nne alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani. Siku walipofika, dirisha la usajili lilikuwa limebandikwa tangazo jipya: shahidi naye aonyeshe kitambulisho chake.

Mama Mapokezi hakuwa nacho. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumdai.

"Nilicheka," anasema. "Nilidhani karani ananitania. Yeye mwenyewe nilimpokea mimi. Alitanguliza miguu, nikahangaika naye toka asubuhi mpaka adhuhuri."

Karani, ambaye sasa ana miaka thelathini na mmoja, hakanushi. "Mama ananijua kuliko ninavyojijua," anasema. "Lakini fomu ina nafasi ya kuandika namba ya shahidi. Haina nafasi ya kuandika kwamba alinizalisha." Anaongeza kuwa sheria haikubadilishwa bure. Walikuwepo watu waliofanya ushahidi kuwa biashara, wakiapa kwamba waliwaona wakizaliwa watu ambao hawakuwahi hata kuwasalimu.

Binti fundi alirudi mikono mitupu. Nyuma yake kulikuwa na wengine tisa wanaomsubiri mkunga huyohuyo. Wiki ileile kituo cha afya kikapokea barua: kuanzia mwezi uliofuata, vibarua wote watalipwa kupitia benki. Na benki haifungui akaunti bila kitambulisho.

Sasa ikawa zamu yake kutafuta shahidi. Shangazi aliyempokea alifariki zamani. Wazazi wote wawili wametangulia. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, naye walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na mmoja.

Chanzo ni kifo cha mama yao. Mama aliugulia nyumbani kwa Mama Mapokezi kwa siku nne, naye mkunga akaamini ni homa ya kupita. Siku ya tano walipomfikisha hospitali, hakukuwa na la kufanya. Msibani, mbele ya watu, dada alimwambia: "Umezoea kuhudumia watu majumbani. Mama hakuwa na mimba."

"Neno lile lilinikwama hapa," anasema akigusa koo. "Sikulimeza, sikulitema."

Wiki mbili zilipita kabla hajafanya lolote. Mwanawe wa kiume alijitolea kumpigia simu mama yake mkubwa. Mama Mapokezi akakataa. "Nilimwambia mtaka cha mvunguni huinama mwenyewe, hatumi mtoto."

Alipanda basi, safari ya saa tano. Alimkuta dada yake uani akianika nguo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuomba unishuhudie kwamba nilizaliwa."

Dada alibana kibanio kwenye shuka, kisha kingine. "Kwani nani anabisha?"

"Serikali."

Dada akajikohoza, na mdogo mtu akajua kwamba anazuia kicheko.

Waliingia ndani. Dada aliyakumbuka yote. "Wembe wa kukatia kitovu chako nilitumwa mimi kwa jirani," alimwambia. "Njiani nikakuta wenzangu wanaruka kamba, nikaruka kwanza. Kurudi, shangazi amekushika mikononi na kitovu kinaning'inia, wote mnanisubiri. Nilichapwa kwa ajili yako hata hujafungua macho."

Hayo yalitokea mwaka ambao dada alianza darasa la kwanza, na cheti chake cha shule kilionyesha ni mwaka gani. Walipopiga hesabu, Mama Mapokezi, aliyejihesabu ana miaka sitini na mmoja, akakutwa na hamsini na minane.

"Nimezeeka bure miaka mitatu," anasema. "Na magoti yalikuwa yameshakubali."

Kesho yake dada alipanda basi pamoja naye, akaapa mbele ya karani na kuandika namba ya kitambulisho chake. Kadi ilitoka baada ya wiki saba. Mshahara wa mwezi mmoja ulizuiwa mpaka hapo, na nyumbani mlo wa mchana ulisimama kwa muda. Binti fundi naye sasa ana kadi yake. Kati ya wale tisa, saba wamefanikiwa. Wawili walishahama mtaa, na hajui waliko.

Ukimuuliza kama ni haki nchi kulazimisha vitambulisho, anakunja shuka kwanza.

"Sikipingi," anasema. "Wodini nimeona mgonjwa analetwa hajitambui, hatujui tumwite nani wala tumpigie nani. Kadi ingesaidia. Lakini kama ni lazima mimi kuwa nacho, basi iwe lazima na wao kunipa. Lazima ya upande mmoja inaumiza."

Muuguzi mkuu wa kituo amemkabidhi jukumu ambalo halikuwa la mhudumu: fomu za taarifa ya kizazi, ambazo ndizo zinazompatia mtoto cheti cha kuzaliwa. Hakuna mama anayetoka wodini kabla fomu haijajazwa na kupigwa muhuri. Juzi baba mmoja alikuja na teksi, akasema ana haraka, fomu ataifuata wiki ijayo.

"Nilimwambia teksi isubiri. Huyu mtoto akifika miaka kumi na minane mimi sitakuwepo kumwekea dole."

Dada alirudi kwake siku moja baada ya kuapa. Kwenye kituo cha basi, walizungumza kuhusu begi, kuhusu siti ya dirishani, kuhusu wajukuu.

"La mama hatukuligusa," anasema Mama Mapokezi.

Mwisho wa mwezi ameomba ruhusa ya siku tatu. Anataka kwenda tena, safari hii bila fomu, amweleze dada yake zile siku nne zilivyokuwa, moja baada ya nyingine, na aulizwe chochote ambacho dada anataka kumuuliza.

"Alikuwa na haki ya kukasirika. Mimi pia ninayo yangu ya kusema," anasema. "Nilipompigia kumwambia nakuja, hakuuliza nafuata nini. Aliuliza kama nitakuja na nguo za kulalia, au anitafutie."